Mchicha Haupandi Treni

Ukiingia soko kuu la Tabora asubuhi ukauliza kila bidhaa kwao ni wapi, utapewa somo la jiografia ya Tanzania bila kulipa ada. Vitunguu ni vya Singida. Nyanya za kiangazi, zile ngumu zinazovumilia matenga na mashimo ya barabarani, zinatoka Ilula huko Iringa. Viazi mviringo vimepanda Fuso kutoka Nyanda za Juu Kusini. Mawese, migebuka na chumvi ya Uvinza vimekuja kutoka upande wa Kigoma. Dagaa wapo wa ziwa lile na wa ziwa hili, na ole wako umwambie muuzaji wa dagaa wa Kigoma kwamba wake wanafanana na wa Mwanza. Mchele mwingi ni wa Nzega na Igunga, majirani zetu wa mkoa mmoja. Na mahindi, mvua zetu zikigoma, yanakuja kutoka Sumbawanga na Mpanda kwa lami ya Sikonge, njia ambayo nilipokuwa mwanafunzi ilikuwa ya kumshindisha mtu akikohoa vumbi.

Halafu unafika kwa akina mama wa mchicha, wameketi chini karibu na lango, mafungu yao yamelala juu ya viroba vilivyoloweshwa maji. Hao ukiwauliza mboga inatoka wapi wanakutazama kama mtu aliyeteremka stesheni isiyo yake.

"Si ya hapa hapa, mwalimu!"

Nafundisha jiografia. Kila mwaka kidato cha tano wanamsoma Johann Heinrich von Thünen, mkulima wa Kijerumani aliyekuwa na shamba huko Mecklenburg, ambaye mwaka 1826 alichapisha hoja kwamba mji uliozungukwa na ardhi ya aina moja utajipangia kilimo kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza, ule unaogusana na nyumba za mwisho, ni wa maziwa na mboga, kwa kuwa vinaharibika haraka. Wa pili ni msitu wa kuni, kwa sababu kuni ni nzito na bei yake ndogo, hazilipi nauli ndefu. Kisha nafaka. Mwisho kabisa mifugo, maana ng'ombe anajipeleka mnadani kwa miguu yake. Wanafunzi huandika haya wakipiga miayo hadi niwaambie waichore Tabora. Hapo darasa linaamka. Ng'ombe? Igunga na Nzega. Mkaa? Sikonge, Kaliua. Karanga na mahindi? Uyui. Maziwa? Yule kijana wa madumu mawili kwenye baiskeli anayepiga kengele saa kumi na mbili asubuhi. Mchicha? Bondeni. Mjerumani aliyekufa mwaka 1850 na hakuwahi kukanyaga Unyanyembe, nchi hii yetu ya Tabora, amewachorea mji wao.

Alipoandika, Ujerumani ilikuwa bado haijafungua reli hata moja. Sisi reli ya kati ilitufikia mwaka 1912, na ya Mwanza ikachepuka kutoka hapa mwaka 1928. Reli na baadaye malori vimeivuta mizunguko yake ikawa mikubwa ajabu: wa nafaka umefika Sumbawanga, wa nyanya Iringa, wa samaki umegusa mpaka wa Kongo. Lakini ule wa kwanza umegoma kuvutika. Mchicha haupandi treni. Ukichumwa alfajiri, saa nane mchana umeshalegea. Ukilala usiku mmoja ndani ya kiroba, asubuhi unamwaga. Matembele ni hivyo hivyo, na majani ya kunde, na ya maboga, na mnafu. Gari la barafu la kubeba mnafu mimi sijaliona, na hata likija, nani atalipa nauli ya fungu la shilingi mia tano?

Hili si la Tabora peke yake. Miaka ya 1990, pale Dar es Salaam, watafiti walikadiria kwamba asilimia 90 hivi ya mboga za majani zilizofika masokoni zililimwa ndani ya jiji lenyewe na pembezoni mwake. Jiji lile lile lililokuwa likiagiza ngano kwa meli lilikuwa linajilisha mchicha kutoka Msimbazi na viwanja vilivyokuwa bado havijajengwa. Chakula cha mji kina safari mbili ambazo hazifanani, na tunapozungumzia mji utakula nini kesho, karibu kila mara tunaizungumzia ile ndefu: barabara, maghala, reli ya kisasa. Ile fupi, ya mwendo wa mama na beseni kichwani, haina wizara.

Sasa niseme kidogo kuhusu bonde, maana anayeingia Tabora kwa basi haoni bonde lolote. Anaona mji tambarare, miembe mikubwa na udongo wa kichanga. Kumbe ardhi ina ngazi. Juu, kwenye kichanga, ndiko wazee walikojenga, wakalima mahindi, karanga na mihogo. Ukishuka taratibu, kwa mteremko ambao hata baiskeli haiusikii, udongo unaanza kushika maji, na hapo ndipo yanapochongwa majaruba ya mpunga. Chini kabisa ni mbuga: udongo mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kandambili, masika unakuwa uji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili hivi, baada ya hapo mbingu inafunga milango. Kwa hiyo, kwa mtu anayetafuta chakula, ardhi yenye thamani haiko kule juu ambako nyumba zinapendeza. Iko chini, mahali ambapo mwezi wa nane ukichimba kimo cha mtu unakuta maji ya mwezi wa nne.

Kuna mama anayetuletea mboga nyumbani. Jumamosi moja nilimwomba nishuke naye bondeni. Nilimkuta ameshainama kitambo, ndoo mbili pembeni ya kisima chake cha kuchimba kwa mkono.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mwalimu, hivyo viatu utavijutia."

Alinitembeza. Tuta hili mchicha, lile chainizi, kule matembele yanajitambalia yenyewe. Kwa mwendo wa kalenda, kipande kile kile, kisichofika nusu eka, kinafanya kazi tatu. Mvua zikianza ni jaruba la mpunga. Mpunga ukitoka, udongo ukiwa bado na unyevu, anapandisha matuta ya viazi vitamu. Vingine vinaliwa vibichi vya msimu, vingine anavimenya, anavikata na kuvianika viwe michembe, au anavichemsha kwanza, ndipo anavikata na kuvianika viwe matobolwa ya kusubiria njaa ya Januari. Ardhi ikikauka kabisa, anachimba kisima na kugeuza sehemu ya chini kuwa bustani hadi Oktoba. Ndiyo maana naona kichekesho mtu akiliita eneo lile "wazi".

"Mpima alikuja Agosti," aliniambia, "akasimama pale juu akasema hapa ni majani tu. Nikamwambia, baba, rudi Februari, ila ujue kuogelea."

Kipande si chake. Ni cha mzee mmoja wa ukoo wa zamani wa pale, anayemwazima. Awali alikuwa akimpelekea gunia la mpunga baada ya mavuno. Siku hizi mzee anataka fedha taslimu, kabla ya kulima. Wenzake karibu wote bondeni wako hivyo, wameazimwa au wamekodi, na karibu wote ni wanawake. Bonde likiuzwa, mwenye ardhi anapokea hela na aliyeazimwa anaambiwa avune.

Mji unakua kweli, tusidanganyane. Sensa ya 2012 ilikuta manispaa ina watu wapatao 227,000; ya 2022 ikakuta karibu 309,000. Mkoa mzima ulitoka milioni 2.29 ukafika milioni 3.39 katika miaka hiyo hiyo kumi. Watu hawa wanalala mahali. Wachache wanalala ghorofani. Wengi tunajenga nyumba za chini, kila mtu na ua wake, kila ua na mwembe au mpapai. Mji wa namna hii haupandi juu, unatambaa.

Na nyumba yangu imo. Ninapoandikia hapa palikuwa shamba la karanga. Nilinunua kwa hatua, ishirini kwa thelathini, mbele ya mjumbe na mashahidi wawili, kama wanavyonunua wengi, na urasimishaji ukatukuta tukiwa tumeshapaua. Sioni haya kulisema. Mwalimu naye anahitaji paa. Ila karanga zinahama. Karanga ni za kichangani, zinavumilia kwenda mbali, na kilo ya karanga hailegei ikisafiri kutoka Uyui. Mji ukila kichanga cha juu, chakula kinasogea. Mji ukila bonde, hakuna pa kusogea, kwa sababu bonde halihami.

Mbona basi watu wanajenga bondeni, na maji yenyewe yanaingia ndani? Kwa sababu ni rahisi. Kiwanja kilichopimwa kule juu kina bei yake. Cha bondeni kinauzwa kwa bei ya huruma, kinalipwa kidogo kidogo, na kiko karibu na mjini kuliko vile vya kwenye mapori ya mbele. Dalali atakupeleka kukiona mwezi wa tisa, kikiwa kikavu kama ukumbi. Akikupeleka mwezi wa pili, ujue hana njaa.

Nimewahi kukaa na mzee mmoja anayeuza. Si mzee mjinga wala mlevi, kama tunavyopenda kuwasimulia wauza ardhi. Ana hesabu. Jaruba moja mwaka mzuri linampa magunia kadhaa ya mpunga. Mwaka mbaya halimpi kitu. Kiwanja kimoja kinalipa ada ya mjukuu, kinabadilisha nyasi kuwa bati, na kijana wake anapata pikipiki ya kuanzia maisha. Akishauza vinne vitano, baadhi ya watoto wanachukua fedha wanakwenda kununua eka nyingi zaidi Kaliua, au wanavuka hadi Katavi, ambako bado kuna pori. Huko wanakata miti, wanachoma visiki, wanalima. Kwa hiyo shamba halijapotea kwenye takwimu. Limehamia msituni, kilomita mia na kitu, kwenye udongo ambao misimu michache tu unadai mbolea ya dukani.

Mwaka 2017 ulichapishwa katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani utafiti wa kina wa jambo hili hili kwa dunia nzima; mwandishi wake mkuu ni Christopher Bren d'Amour. Walikadiria kwamba kufikia mwaka 2030 upanuzi wa miji utakuwa umemeza asilimia 1.8 hadi 2.4 ya mashamba yote ya dunia yaliyokuwapo mwaka 2000. Ni kidogo, utasema, na mimi nilisema. Lakini mistari ya chini ndiyo inayouma: karibu asilimia 80 ya hasara hiyo itakuwa Asia na Afrika, na mashamba yanayomezwa yana rutuba na mavuno zaidi ya mara moja na nusu ya wastani wa dunia. Si bahati mbaya. Mababu hawakuanzisha mji jangwani. Walikaa penye maji na udongo, chakula kikawepo, watu wakazidi, na watu hao sasa wanajenga juu ya kile kilichowaleta.

Tabora ni mfano wa kitabuni. Kabla ya reli, kabla ya Mjerumani, hapa palikuwa njia panda ya misafara: kutoka pwani kwenda Ujiji, na nyingine kupanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, penye Tabora ya leo, Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu wametulia na bustani zao. Mapagazi walikuwa maelfu, na pagazi hali pembe za ndovu. Mji wa namna ile ulisimama kwa sababu watu wa Unyanyembe walilima ziada wakaiuza njiani. Na njia zikifungwa, kila mtu alilijua tumbo lake: mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoingia vitani na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ilikatika, na Henry Stanley ikambidi azungukie kusini kwenda kumtafuta Livingstone. Waliobaki mjini hawakuzunguka kokote. Walikula cha karibu.

Kuna mkasa mwingine wa kwetu ambao huwa nausimulia darasani kwa raha, nao unahusu miji ya mbali iliyotaka kula kutoka hapa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Serikali yake ikaja na mpango wa kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, katika maeneo matatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Urambo ile ile ya Mirambo. Walifyeka pori kwa mitambo iliyosalia vitani, wakashindana na visiki, udongo na mvua isiyosoma ratiba, na Januari 1951 wakatangaza kuachana nao baada ya mamilioni ya pauni kuzama. Urambo ikaishia kwenye tumbaku, na hadi leo ni nchi ya tumbaku, ambayo nayo inakula magogo ya kuikaushia. Mjukuu wa mkulima wa karanga pale anauza jani lisiloliwa na ananunua unga. Siwaambii wanafunzi kwamba hiyo ni dhuluma wala ni maendeleo. Nawaambia waihesabu: eka ngapi, za nani, zimelisha nani?

Jirani yangu ana malori. Tukikaa kwenye baraza lake jioni hunisikiliza kwa subira, kisha hunipasua.

"Mwalimu, wewe unalilia mchicha. Mji ni mji. Mchele si unatoka Nzega? Mahindi si yanatoka Mpanda? Reli ya kisasa ikifika hapa, utakula hata kabeji ya Lushoto."

Kwa nafaka simbishii. Ana haki, tena ya miguu yote miwili. Kudai kila mji ujilimie mahindi yake ni ndoto ya mtu asiyewahi kubeba gunia. Mwaka ambao mvua za Tabora zinakatika Januari, lori la Sumbawanga ndilo linalotuokoa, na wenye malori kama yeye wametulisha kuliko hotuba zote. Sikubali pale tu anapofikiri safari ndefu haina kufuli.

Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliharibu reli ya kati huko Kilosa, mbali kabisa na sisi, na treni zikasimama. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Uamuzi mzuri, naunga mkono, na dagaa wa mwisho kuvuliwa kabla ya kufungwa walikuwa watamu kwa sababu kila mtu alijua ni wa mwisho. Lakini ndivyo ilivyo: sufuria ya Tabora ilipokea amri iliyotolewa kwa ajili ya mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Bei ya mafuta ya dizeli inapangwa mbali zaidi ya hapo. Bonde halina kufuli hizo. Lina zake, kunguni wa mboga, na mbuzi wa jirani, ila si zile zile, na hilo ndilo jambo: mtu mwenye njia mbili za kula hafi njaa kwa mpigo mmoja.

Na hiyo kabeji ya Lushoto ndiyo hasa inayonitia wasiwasi, kwa sababu ameisema kama zawadi.

Kabeji inasafiri. Inakaa wiki, inapangwa kwenye lori kama mawe, ikifika unabandua majani ya nje na ndani ni nyeupe safi. Wachunguzeni mama lishe wa stendi. Masika, pembeni ya ugali na maharage, kuna kijani kibichi: mlenda, majani ya maboga, mchicha wa karanga. Kiangazi kikikolea, kijani kinapungua, kabeji inaingia. Zamani ilikuwa inaingia Septemba. Sasa Julai unaiona tayari. Kabeji ni mboga ya mji uliouza bonde lake. Sina ugomvi nayo, naila, lakini vitamini A iliyo kwenye mchicha huwezi kuipata kwenye kabeji hata ule kichwa kizima, na wanaoihitaji zaidi ni watoto wa wale wanaokula sahani moja tu kwa siku.

Bei haitakuonyesha jambo hili mapema. Wauza mboga wa Tabora hawapandishi bei ovyo. Mteja wa mia tano atabaki na mia tano yake. Fungu ndilo linalokonda. Mwaka hadi mwaka kamba inafunga vijiti vichache zaidi, hadi siku mke wangu alipoanza kununua mawili kwa mlo uliokuwa wa moja. Sijui ofisi gani ya takwimu inapima unene wa fungu la mchicha.

Walio na akili ya mapema wanaanika. Majani ya kunde yanachemshwa, yanakaushwa, yanakuwa nsansa, na yanalala kwenye kibuyu hadi kiangazi. Ni ufundi wa zamani na bado unafanya kazi nzuri. Lakini nsansa nayo inataka kunde, na kunde zinataka shamba.

Kuna kitu kingine kimeongeza kasi, nacho hakuna anayethubutu kukilalamikia, nami pia silalamiki. Tabora tuliteseka sana kwa maji. Mabwawa ya Igombe na Kazima yalikuwa hayatoshi, na familia nyingi zilikuwa zikiamka usiku kuvizia bomba. Kisha bomba la Ziwa Victoria likavutwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Ni neema, nimeona akina mama wakipiga vigelegele mbele ya koki. Lakini maji yakishafika mtaa usiokuwa na maji, kiwanja kinapanda thamani siku hiyo hiyo, na mashamba yaliyokuwa yakilindwa na kiu yanakosa mlinzi. Na yule mama wa bondeni hamwagilii kwa maji ya bomba, hayalipi bili yake. Anategemea kisima chake cha kimo cha mtu. Kila nyumba mpya inayochimba shimo la choo juu ya mteremko iko jirani na kisima hicho, na hili lilistahili makala yake peke yake.

Sheria haijakataa kulima mjini, ingawa watu wengi wanadhani hivyo. Kanuni za kilimo mijini za mwaka 1992 zilimruhusu mtu kulima, mradi asizidishe ekari 3, na kufuga ng'ombe wasiozidi 4 wakiwa bandani. Tatizo halipo kwenye ruhusa, lipo kwenye ramani. Nimeona ramani za mipango miji za miji kadhaa. Makazi yana rangi yake, biashara ina yake, shule, makaburi, viwanda, hadi kituo cha mafuta. Bonde hupakwa kijani na kuandikwa eneo la wazi, au eneo hatarishi. Bomba la maji lina alama, nguzo ya umeme ina alama. Jaruba lililolisha mtaa miaka arobaini halina alama, kwa hiyo siku likijazwa kifusi hakuna kilichofutwa kwenye karatasi.

Hapa naweka maoni yangu wazi, na jirani yangu wa malori anayajua. Sitaki bonde ligeuzwe hifadhi ya kuwekewa uzio na bango. Nataka liandikwe kwa jina la kazi yake, mwenye ardhi apewe sababu ya kutouza, na anayelima apewe karatasi ya miaka mitano, si ya msimu. Miaka mitano inatosha mtu kuzungushia kisima chake matofali. Kodi ya kukodisha shamba ikusanywe, sawa, wala si nyingi. Mzee anayeuza kwa sababu ya ada ya mjukuu hatazuiwa na bango; pengine atazuiwa na kodi ya uhakika anayoipokea kila mwaka bila kuomba.

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa mtaa. Mtaalamu alitandika ramani ya upimaji mezani, tukaizunguka. Bonde lilikuwa kijani, kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimejiandaa kusema, nina hata daftari, lakini yule mama alinitangulia.

"Hiyo kijani ni ya nini?"

"Eneo la wazi, mama."

"Wazi kwa nani? Mbona mimi nimo humo?"

Watu walicheka, mtaalamu naye akacheka, na kwa haki yake hakumpuuza. Aliuliza nani wengine wamo humo. Mikono ikainuka mingi kuliko alivyodhani, karibu yote ya wanawake, na mzee wa ukoo akainua wake pia, polepole. Mwenyekiti akaandika majina. Kulikuwa na mabishano marefu kuhusu nani aandikwe, mwenye ardhi au anayelima, na vijana wawili waliokwisha lipia viwanja upande wa chini wakataka kujua fedha zao zinakwenda wapi. Swali lao lilikuwa la haki na halikupata jibu siku ile. Mwisho ikakubaliwa wateuliwe watu watatu, mmoja wao yule mama, wapite bondeni pamoja na mtaalamu kuonyesha mipaka ya kila jaruba kabla ramani haijasainiwa. Alitaka waende wiki hiyo hiyo. Walimkatalia: majaruba yamejaa maji hadi gotini, mkanda wa kupimia hautanyooka. Watakwenda mpunga ukishavunwa.